Sufuria ni ya Mama Kapinga

Ninyi batoto benye munakuja ku mulango yangu na telefone mu mukono, kuniuliza "Nkambo, gato, hii keki yako, inakuwaka namna gani laini hivi," mukae chini. Si pale, pale kuna bunga. Kule. Mi sikusoma mingi. Nilifika mwaka ya tatu ya primeri, kisha baba akasema mutoto mwanamuke mwenye anajua kuhesabu mpaka mia anatosha. Hii yenye munasoma niliandika mi mwenyewe, na kalamu ya mujukulu, na makosa yangu yote ndani. Mutu mwenye anatafuta Kiswahili ya ku redio, aende ku redio.

Nilipika bitumbula ya kukaanga mu mafuta na gato mu cité ya Musonoi mpaka siku magoti yangu ilikataa kuinama pa mbabula. Mi sikuacha kazi. Magoti njo iliacha, mi nikaifuata.

Sasa munasema munataka siri. Hakuna siri. Kuna kuosha mikono, kuna kungojea, kuna kuchunga moto. Ninyi munakosa yote tatu. Juzi mumoja wenu aliniletea gato alipika mu furu ya kuran, ya umeme, juu imeungua, katikati inalia maji. Nikamuuliza, "Uliifungua mara ngapi?" Akasema, "Nkambo, nilikuwa naipiga foto." Gato si bibi-harusi. Ifunge, uiache.

Sisi furu hatukuwa nayo. Furu ilikuwa ya bazungu na ya bakubwa ba kampani. Sisi tulikuwa na mbabula ya makala, sufuria ya chuma, na muchanga. Unaweka muchanga chini mu sufuria, vidole vitatu. Unaiacha ipate moto. Kisha unashusha kopo yenye iko na gato pale juu ya muchanga, unafunika, na makala ingine unaimwanga juu ya kifuniko. Moto ya juu iwe mingi, ya chini kidogo, sawa mukubwa wa kazi mwenye kofia kubwa na viatu byenye kutoboka. Muchanga inachukua ukali ya moto, inaigawanya pole pole, gato haiungui tako. Mutu asikudanganye na maneno ya Ulaya. Ni ile tu.

Mwenye alinifunza ile ni Mama Kapinga, jirani yangu, mulango kwa mulango. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kutumika mu mugodi. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa Musonoi, Kasai hakuionaka hata na jicho moja. Alikuwa mufupi, na sauti ya mutu murefu. Siku ya kwanza niliponda bunga mbele yake, alisimama nyuma yangu na mwiko mu mukono.

"Weye Mama Monga, ile bunga unaiponda ama unaibembeleza?"

"Ninaiponda, Mama."

"Bunga si bwana yako, hairudishe ngumi. Piga!"

Nilipiga. Lakini kungojea njo ilinishinda. Yeye alikuwa anakata kipande kidogo ya bunga, anaitupa mu kopo ya maji. Ikizama, ungoje. Ikielea, iko tayari kwa kukaangwa. Mi nikaona hii ni mambo ya wazee. Nikakaanga bitumbula yangu ya kwanza bila kungojea. Bwana yangu, Tata Monga, akauma moja, akaitoa mu mudomo, akaiangalia pa jua. Alikuwa anatumika kwenye mashine ya kusaga mawe, ile yenye inazunguka na bule, mipira ya chuma, ndani. Akaniambia na heshima yote: "Bibi, bule zimepungua kule ku kazi. Utuwekee kilo kumi."

Aliichukua kweli mbili ku kazi, akaonyesha barafiki yake. Mpaka leo kuna wazee mu hii cité, wakiniona, wananiuliza kama bado ninasaga mawe.

Kisha kampani ikaanza kuanguka. Haikuanguka siku moja sawa muti. Ilianguka sawa muzee mwenye anashuka ngazi, hatua kwa hatua, anasema "siko naanguka." Mushahara ikachelewa, kisha ikapotea njia kabisa. Kantini yenye ilikuwa inatupa bunga ikabakia na panya, kisha hata panya bakahama. Kila nyumba ikaweka meza mbele ya mulango: huyu anauza mafuta mu chupa, huyu misumari, mi na Mama Kapinga bitumbula. Tuliweka meza mbili pamoja, kitambaa moja juu.

Levire, hamira ya kupandisha bunga, ikapotea ku soko. Mama Kapinga akasema hakuna shida, kuna munkoyo. Munaijua ile kinywaji ya mahindi na mizizi, yenye inachemka yenyewe kwenye kibuyu. Masimbi yake yenye inabakia chini inapandisha bunga muzuri kabisa, na harufu kidogo ya pombe. Tulikuwa tunatumia kijiko mbili. Siku moja mi nikaona kijiko mbili ni kidogo, nikaweka kopo. Katekista akapita akienda kufunza koro, baimbaji ba kanisa, akakula nane. Ile mangaribi akaimbisha koro wimbo ya Pasaka, na kucheza, na ilikuwa Kwaresima. Padri akakuja kuuliza. Mama Kapinga akamuangalia mu macho, akajibu, "Padri, ni Roho." Mi nikaingia mu nyumba kuchekea mu mto ya kitanda.

Kijiko mbili. Muandike.

Ile wakati njo maneno mubaya ilianza. Batu benye njaa baliambiwa na bakubwa kama njaa yao inatoka kwa jirani. Kama batu ba Kasai bakirudi kwabo, kazi itarudi, bunga itarudi, hata panya ya kantini itarudi. Bakaanza kubaita bilulu, badudu. Bilulu! Mi bilulu ninabijua. Binaikalaka mu bunga ya kulala, bidogo, bya rangi ya kahawa, nimebichunga na kichungio maisha yangu yote. Sijaona hata kimoja chenye kinafanana na Mama Kapinga. Lakini, na hapa musikilize muzuri, sikuisema kwa sauti. Niliisema mu moyo. Mu moyo kila mutu ni hodari.

Mama Kapinga akatoa meza yake mbele ya mulango. Kitambaa ikabakia kwangu, upande moja ikining'inia.

Pale ku kona ya avenue aliikala Tata Banza. Alikuwa kapita, musimamizi wa kazi, ku mugodi zamani, na sasa hakukuwa batu ba kuamurisha, akaanza kuamurisha avenue. Nyumba ya Mama Kapinga ilikuwa na baraza ya simenti. Tata Banza alikuwa anapita pale kila asubui, anaangalia ile simenti sawa mutu mwenye anapima kitanda.

Akaniagiza gato ya batizo ya mujukulu wake. Kubwa, na sukari juu. Sufuria zangu zote zilikuwa ndogo. Nikapita nyuma, nikagonga dirisha ya Mama Kapinga, kumuomba sufuria yake ya chuma, ile nzito yenye miguu mitatu. Akanipa kupitia dirisha, juu mulango yake ilikuwa haifunguliwi tena.

"Ni ya nani, ile gato?"

"Ya Tata Banza."

Mukono yake ikabakia ku sufuria. Kisha: "Mutoto hana kosa. Lakini sikiliza, Mama Monga. Muchanga ya muto. Uioshe mara saba, mpaka maji itoke yenye unaweza kunywa. Ya ku mugodi hapana."

"Ndiyo, Mama."

Ndiyo, Mama! Muto ilikuwa mbali, na jua ilikuwa kali, na mi nilikuwa na kisogo ngumu sawa ya mbuzi. Pale ku barabara kulikuwa fungu yenye ilianguka ku kamio, lori ya mugodi: muchanga laini, ya kuchungwa tayari, rangi ya majani, inang'ara sawa nguo ya Pasaka. Nikasema muchanga ni muchanga. Nikajaza ndoo.

Asubui ya batizo bibi ya Tata Banza akaniletea mayai, akasimama pale anaangalia nikimwanga muchanga mu sufuria. Akasema hata, "Ee, hii ni muzuri hii." Nikajivuna.

Kwetu ile wakati, mwenye kuagiza gato alikuwa anakuja yeye mwenyewe kuona kifuniko inafunguliwa, ajue kama gato ni nzima na hakuna mutu aliionja. Tata Banza akakuja na familia yote, na mutoto mu nguo nyeupe, na jirani benye habakuitwa. Tata Monga alikuwa pembeni anashona kiatu yake. Nikapangusa makala, nikafungua.

Gato ilikuwa imesimama sawa askari. Rangi ya asali. Batu bakasema "Aaa!" Nikashika kopo na bitambaa, nikaiinua.

Chini, muchanga ilikuwa nyeusi. Nyeusi ti, sawa masizi.

Bibi ya Tata Banza akapiga kelele. "Asubui nilikuwa hapa! Niliiona na macho yangu, ilikuwa rangi ya majani! Nani amebadilisha? Hii ni dawa! Dawa mu gato ya mutoto!"

Tata Banza akainama, akaangalia ndani. Hakuangalia muchanga. Aliangalia sufuria, ile miguu yake mitatu, na mi nikaona fikara inaingia mu kichwa yake sawa mutu anaingia mu nyumba ya kupanga.

"Mama Monga. Hii sufuria ni ya nani?"

Batoto, ninaweza kuwadanganya hapa. Hakuna mutu wa kunishitaki. Lakini nimewaambia mambo ya kungojea na ya kuosha mikono, mutaamini namna gani kama hii ninaificha? Nilijibu. Nilijibu pole pole, macho chini.

"Sufuria ni ya Mama Kapinga."

Ilikuwa kweli, na hakuna uongo yenye niliwahi kusema mu maisha yangu ilikuwa mubaya sawa ile kweli.

"Munaona?" Tata Banza akapaza sauti. "Munaona bilulu? Hata mutoto mudogo!" Na batu bakaenda. Haikuwa mbali, hatua kumi. Mumoja akaokota jiwe, kisha mwingine. Tata Monga alikuwa ameangalia mu sufuria na yeye, na yeye, mutu wa kusaga mawe miaka makumi mbili, akarudia nyuma na kiatu moja mu muguu. Mi nikabakia na gato mu mikono. Kopo ilikuwa inaniunguza kupitia bitambaa na sikuisikia.

Kisha niliisikia. Na maumivu ya vidole njo ilifungua akili. Muchanga niliokota mi. Mi, kwa uvivu yangu, na sasa walikuwa wanaenda kuvunja mulango ya mutu juu mi sikutaka kutembea mpaka ku muto.

Nikapiga kelele, "Muchanga ni yangu!" Hakuna mutu aligeuka. Batu benye hasira wana masikio ya mapambo. Basi nikatua gato, nikafunika mikono na kitambaa ya meza, nikabeba mbabula na makala yake yote nyekundu, nikakimbia nayo katikati yao. Mutu mwenye alikuwa na jiwe mu mukono aliona moto inamukujia, akakumbuka kazi ingine. Nikaitua pa baraza ya simenti, mbele kabisa ya mulango. Cheche ikaruka ku suruali ya Tata Banza.

"Mama, umerogwa?" akaniuliza.

"Hapana, nina uvivu. Monga! Lete ndoo ya nyuma ya nyumba! Na kifuniko!"

Mwana wangu Monga akaleta. Ndani ya ndoo ilibakia ile muchanga, rangi ya majani. Nikaipitisha mbele ya pua ya kila mutu. Nikamwanga ukufi mbili mu kifuniko, nikaweka kifuniko juu ya makala.

"Sasa muangalie. Hapana mutu kuigusa."

Munajua haraka ya muchanga? Haiko. Nikapepea. Jua ikatupiga. Mutu akakohoa. Jokeri mumoja nyuma akauliza, "Mama Monga, na chumvi hautaiweka?" Mwingine akacheka, mwenzake akamufinya. Nikapepea. Nyuma ya mulango hakukuwa hata sauti. Nikasema mu moyo, Bwana Mungu, nimekuomba mara mingi gato ipande, leo ninakuomba muchanga tu.

Ikaanza ku kando. Rangi ya majani ikawa ya kahawa, kahawa ikawa ya kuungua, kisha katikati, kisha yote. Nyeusi ti. Kwenye kifuniko yangu, mbele ya macho mingi, bila dawa ya mutu.

Kisha muzee mumoja, mwenye alimaliza maisha yake ku furu za kuyeyusha, akajikuna kichwa. "Lakini... hii ni kuivre, shaba yetu. Kuivre ikipata moto inakuwaka nyeusi. Hata mutoto wa kazi anaijua."

"Na weye, Tata, ulikuwa unakimbilia wapi na jiwe?"

"Mi? Nilikuwa nafuata bengine."

Tata Monga akaanza kucheka, na kiatu moja. Alicheka mpaka akakaa chini. Avenue nzima ya batu ba kuivre, baba zao ba kuivre, meno yao ya kuivre, balitishwa na kuivre! Kicheko ikaenda mutu kwa mutu. Tata Banza njo hakucheka. Akasema, "Hata hivyo, ile gato haitaingia mu nyumba yangu."

"Muzuri," nikajibu. Nikaleta gato pale pale pa baraza, nikakata, nikakula kipande ya kwanza mbele yake. Mudomo ilijaa, lakini nilisema: "Mi njo niliokota muchanga ku barabara. Mama Kapinga alinikataza. Kama kuna murozi hapa, ni miguu yangu." Batu benye balikuja na mawe bakakula gato, na mukono ingine, juu ile ya kushika jiwe ilikuwa bado chafu. Mutoto wa batizo akapewa katikati, pa laini. Mulango haikufunguka.

Sasa munafikiri nilimuokoa. Munapenda ile, najua, mu mafilme mutu anakimbia na moto na kila kitu inaisha. Sikumuokoa. Ile siku hakuna mutu alimufikia, ni ile tu. Majuma kidogo kisha, avenue yote na cité yote na muji wote, batu ba Kasai baliambiwa batoke, na bakatoka. Baraza ya simenti Tata Banza aliipata. Alikaa pale na kiti yake. Hakuna mutu alikuwa anamusalimia kwa sauti kubwa, na hakuna mutu alimutoa. Hata mi.

Nilienda ku gare na beseni ya bitumbula ku kichwa na sufuria mu mukono. Kulikuwa batu mingi, bitanda, masini za kushona, bakuku bamefungwa miguu, bote banangojea train siku na siku. Mama Kapinga alikuwa amekaa juu ya valizi, kitambaa ya kichwa sawa sawa, sawa mutu mwenye anangojea misa.

Akaangalia sufuria mbele ya kuniangalia mi.

"Umeiosha?"

"Nimeiosha, Mama."

"Na muchanga ya wapi?"

"Ya muto."

"Mara ngapi?"

"Saba."

"Muongo. Tano."

Ilikuwa tano.

Akachukua kitumbula, akaiuma, akatikisa kichwa kidogo. Kwake ile ilikuwa sifa. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Ile siku nilikuwa nyuma ya mulango. Nilisikia yenye ulijibu."

"Mama, nilirudi. Nilibeba mbabula..."

"Najua. Miguu yako ilirudi. Lakini mudomo yako ilitangulia." Akapangusa sukari ku vidole. "Na haukudanganya. Sufuria ni yangu, niliinunua mi. Njo ninakuuliza: kama ni kweli, juu ya nini uliisema pole pole, sawa mutu mwenye ameiba?"

Nikatua sufuria chini. Jibu ya ile swali ninaitafuta mpaka leo.

Akasukuma sufuria na muguu mpaka kwangu. "Ni nzito, mu train batu hawatapata hata pa kusimama. Ubakie nayo. Lakini si yako. Mutu akikuuliza ni ya nani, umujibu ile ile maneno uliyajibu. Na sauti."

Miaka ilipita mingi mbele nisikie habari yake. Muchuuzi mumoja mwenye alitoka kule Kasai akaniletea salamu, mara moja tu. Nilimuuliza alisema nini. Akasema, "Maman, sikuelewa. Alisema nikuambie: mara saba."

Tangu ile, ni saba. Hata mvua inyeshe. Hata sasa, wakati kule Kasulo batu banachimba kobalt chini ya bitanda yao, na mama mumoja mwenye nilikuwa ninamufunza aliamka asubui, mbabula yake imeingia mu shimo ya bwana yake. Alinikimbilia: "Nkambo, furu yangu imeshuka ku mugodi!" Nikamuambia aende kuitoa, na asithubutu kuleta muchanga ya mule.

Basi mwaka jana bibi ya mwana wangu Monga alikuwa na mugeni, mama mumoja mwenye pesa, wa gato za harusi. Mugeni akaona sufuria pa moto, akapenda ile miguu mitatu. "Ni ya zamani hii, ni ya nani?" Bibi ya Monga, mutoto muzuri, hana ubaya, akajibu: "Ni yetu, ya familia."

Mi nilikuwa mu chumba. Magoti ilikataa, nikaiamurisha. Nikatoka, nikapiga kifuniko na mwiko mpaka mugeni akashika kifua, na nikaita nyumba nzima, Monga, bibi yake, bajukulu, hata yule mwenye alikuwa anaoga akakuja na sabuni mu masikio. Nikabapanga mustari moja mbele ya mbabula. Nikabaambia:

"Mutu yeyote akiuliza hii sufuria ni ya nani, mutajibu ni ya Mama Kapinga. Mutajibu na kichwa juu, na sauti ya kufika mpaka ku kona ya avenue. Na mwenye ataisema pole pole, hakuli gato mu hii nyumba. Haya, mumoja mumoja. Anza weye mwenye sabuni."